Usukani wa Kushoto: Gari la Spoti Linapovuka Bahari

Swali ambalo ndugu zangu wa Mombasa wananiuliza kuliko yote si la viza wala la karo. Ni la magari. Wanaona kwenye simu zao Ford Mustang ikiuzwa Maryland kwa dola 27,000, wanazidisha kwa 129, wanapata kama shilingi milioni 3 na nusu, kisha wanatazama tangazo la gari kama hilo Nairobi na kukuta bei imezidi mara mbili. Hapo ndipo simu yangu inalia. "Dada, huko mnakaa na mali mnaitazama tu?"

Mwaka jana swali hilo lilikuja na uzito wake. Mtoto wa mjomba wangu alikuwa na mpango wa kukodisha magari ya harusi Nyali na Kilifi, na moyo wake ulikuwa kwa Mustang nyekundu, ile yenye injini ya V8 inayonguruma. Mnunuzi wa kiwanja chake cha Mtwapa alikuwa amekwisha patikana. Kilichobaki ni mimi kutafuta gari huku, kuongezea kidogo na kulipakia melini. Kwenye kikundi cha familia cha WhatsApp walikuwa wamekwisha kubaliana kabla mimi sijaamka.

Bahati nzuri mjomba mwenyewe alikuwa anakuja kututembelea Silver Spring Septemba 2025, kumwona mjukuu. Mjomba ameuza magari ya mitumba Mombasa tangu miaka ya tisini, na hakuna rangi iliyorudiwa ya kumdanganya. Nilipomwamkia pale uwanja wa ndege wa Dulles, baada ya marahaba na habari za mama, neno la tatu lilikuwa hili: "Mwanangu, nataka unizungushe. Nione kwa macho yangu bei inapandia wapi."

Basi tukazunguka. Nawaandikia tulichokiona, maana najua si kwetu tu ambako simu hii inalia.

Eneo hili sisi wakazi tunaliita DMV: D.C., Maryland na Virginia. Mjomba alicheka aliposikia kwamba kule D.C. na Virginia herufi hizohizo ni jina la ofisi ya kusajili magari. Ukitaka kuona magari ya spoti kwa wingi bila kulipa kiingilio, nenda Great Falls, Virginia, Jumamosi alfajiri. Kuna mkahawa unaoitwa Katie's, na kwa miaka mingi wapenzi wa magari wamekuwa wakikusanyika nje yake jua likichomoza, wanakunywa kahawa, wanafunua boneti, halafu wanatawanyika mapema kabla maduka hayajachangamka. Mimi nilikuwa nimetoka zamu ya usiku. Nikamchukua mjomba nyumbani, tukashika barabara ya mzunguko, tukavuka mto Potomac kwa daraja la American Legion, tukaingia Georgetown Pike, ile barabara ya kona kona katikati ya miti.

Nilidhani atazikimbilia Ferrari. Alizipita kama anavyozipita daladala mbovu. Alisimama mbele ya Nissan Skyline GT-R ya bluu, ile ya namba R34, akainama dirishani na kupaza sauti: "Usukani upande wetu!" Mwenye gari, mzee mstaafu mwenye kofia ya besiboli, alifurahi kuona mtu anayesifia usukani badala ya kuushangaa. Akamfungulia mlango akae. Mimi nikawa mkalimani.

Gari lile, alieleza yule mzee, lilikuwa haliruhusiwi kuingia Marekani mpaka juzi. Nissan hawakuwahi kuliuza huku. Sheria ya Marekani inasema gari ambalo halikutengenezwa kwa viwango vya usalama vya hapa haliingii, isipokuwa liwe limefikisha miaka 25 tangu lilipoundwa. R34 za kwanza ziliundwa 1999, kwa hiyo mlango ulianza kufunguka Januari 2024, mwezi baada ya mwezi, kadiri kila gari lilivyotimiza umri wake. Likiwa jipya Japani, GT-R hiyo ilikuwa karibu yen milioni 5. Leo Wamarekani wanalipa zaidi ya dola 100,000 kwa moja iliyotunzwa, na wapo wanaolipa zaidi ya hapo sana.

Mjomba alinyamaza kidogo, kisha akaniambia kwa Kiswahili: "Hebu nielewe vizuri. Kwetu serikali inakataa gari likizidi miaka 8. Hawa wanalikataa mpaka litimize 25?"

Ndivyo. Kenya, kwa mwaka 2025, gari la mtumba lililosajiliwa mara ya kwanza kabla ya 2018 lilikuwa haliingii. Marekani, gari geni lililoundwa 2018 litasubiri hadi 2043. Nchi moja inaogopa gari kuukuu, nyingine inaogopa gari jipya, na zote mbili zinasema ni kwa ajili ya usalama. Kwa vyovyote mnunuzi ndiye anayelipa, kwa sababu mlango ukiwa mwembamba, wachache waliopita wanakuwa na thamani ya wengi.

Sheria hiyo ya miaka 25 ina historia inayofaa kujua. Katikati ya miaka ya themanini dola ilikuwa na nguvu sana. Mmarekani angeweza kupanda ndege kwenda Ujerumani Magharibi, kununua Mercedes, kulipa meli, kumlipa fundi abadilishe taa na mabomba ya moshi, na bado akabaki na akiba ukilinganisha na bei ya dukani kwao. Makumi ya maelfu ya magari yaliingia kwa mtindo huo. Wauzaji rasmi walilalamika sana, na mwaka 1988 Bunge, hapahapa Washington, likapitisha sheria iliyoufunga karibu mlango wote. Bill Gates alinunua Porsche 959 ya aina ambayo haikuwa imepitishwa kwa barabara za Marekani, na ikakaa mikononi mwa forodha zaidi ya miaka 10. Hata yeye! Mwaka 1999 ndipo kukawekwa kitundu kidogo kwa magari adimu ya historia au ya ufundi wa pekee, kwa sharti yasiendeshwe zaidi ya maili 2,500 kwa mwaka.

Niruhusuni neno moja la kazini. Mimi ni muuguzi, na napokea watu waliotolewa kwenye magari yaliyobondeka. Viwango vya usalama sivichezei. Lakini hii hesabu ya miaka 25 sijaielewa mpaka leo: gari la miaka 3 kutoka Japani, lenye mifuko ya hewa kila upande, linazuiwa bandarini, na gari la 1999 lenye mifuko miwili ya mbele linapita. Nikiulizwa ningependa kumpokea mgonjwa kutoka gari lipi, jibu langu linajulikana.

Tulirudi nyumbani, mjomba akiwa bado na Skyline kichwani. Lakini wakati wa chai aliuliza swali lililonifanya nifungue kompyuta. Alikuwa ameziona Porsche nyingi pale, nyingine mpya kabisa. "Hizi nazo zinatoka Ujerumani. Mbona zimejaa kama Probox? Bei yake kwao ni ngapi?"

Tukatafuta. Mei 2024 Porsche ilipotangaza 911 Carrera mpya, bei ya kuanzia Marekani ilikuwa dola 120,100 kabla ya gharama ya kulifikisha dukani. Ujerumani bei ya kuanzia ilikuwa yuro 128,700, ambazo kwa kiwango cha siku zile zilikuwa kama dola 139,000. Yaani lililovuka Atlantiki lilionekana rahisi kuliko lililobaki Stuttgart! Mjomba hakukubali. Mtu aliyeuza magari miaka 30 hakubali miujiza. Akauliza: "Kodi imo ndani au iko nje?"

Hapo ndipo palipokuwa na siri. Bei ya Ujerumani imebeba kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 19. Bei ya Marekani haina kodi ya mauzo. Hiyo unaongezewa mwishoni, na inategemea unakaa upande gani wa mto. Maryland tunalipa asilimia 6.5 tangu Julai 2025, kabla ya hapo ilikuwa 6. Virginia wanalipa asilimia 4.15 siku ya kununua, halafu wanalipia gari hilohilo kodi ya mali kila mwaka. D.C. wanaangalia uzito wa gari na unywaji wake wa mafuta. Ukiiondoa kodi kwenye bei ya Ujerumani unabaki na yuro 108,000 na ushei, sawa na dola 116,800 hivi. Tofauti na bei ya Marekani ikawa dola 3,300 tu, chini ya asilimia 3. Na ushuru wa forodha wa Marekani kwa magari wakati ule ulikuwa asilimia 2.5.

Nilijifunza hapo kwamba nauli ya meli, ambayo kila mtu huitaja kwanza, si mkosaji mkubwa. Mwenye kiwanda naye hapangi bei kwa kutazama umbali. Anaangalia mnunuzi wa mahali ataweza kulipa nini, jirani anauza nini, na sarafu imesimama vipi. Marekani ni soko kubwa mno la Porsche kuliharibu kwa tamaa. Gari linalouzwa huku kwa maelfu hugawana gharama za majaribio ya kugonga, ya moshi, vipuri na mafunzo ya mafundi. Gari linalouzwa kwa mia mbili linazibeba peke yake. Kuna pia kodi ya ulafi wa mafuta, iliyoanzishwa na sheria ya 1978, inayotoza kati ya dola 1,000 na 7,700 kwa gari jipya lisilofikisha maili 22.5 kwa galoni. Hiyo haiangalii limetoka wapi, lakini magari ya spoti hujikuta nayo mara nyingi.

Siku yangu ya mapumziko nilimpeleka mjini. Wageni wengi huniomba Ikulu na sanamu ya Lincoln, na nilimwonyesha hizo pia. Lakini alikuwa amesema anataka kuona bei inapandia wapi. Tulipanda treni ya laini nyekundu Silver Spring, tukabadilisha Gallery Place, tukashuka Navy Yard. Pale New Jersey Avenue ndipo ilipo Wizara ya Uchukuzi, na ndani yake idara ya usalama barabarani inayosimamia ile miaka 25. Jengo kubwa la vioo, walinzi, watu wenye vitambulisho shingoni wakitafuta chakula cha mchana. Mjomba alilitazama kama mtu anayemtazama hakimu aliyewahi kumfunga ndugu yake.

Kisha tukaenda E Street upande wa Kusini Magharibi, namba 500. Hapo ni Tume ya Biashara ya Kimataifa ya Marekani, wanaochapisha kitabu cha ushuru wa forodha. Hakuna mtalii anayepiga picha pale. Na mimi nilikuwa nimepita mara kadhaa bila kujua kwamba kila kiatu na kila gari linaloingia nchi hii lina namba yake kwenye kitabu cha jengo lile. Magari ya abiria ni namba 8703. Pikapu na malori ni 8704, na hizo zina kisa chake: mapema miaka ya sitini nchi za Ulaya zilipandisha ushuru wa kuku wa Marekani, na Rais Lyndon Johnson akalipiza kwa kutoza malori madogo asilimia 25 kuanzia 1964. Kuku wamekwisha sahaulika. Ushuru upo mpaka leo.

Magari ya abiria yalibaki na ile 2.5 kwa miongo mingi. Tarehe 3 Aprili 2025 ikaongezwa asilimia 25 juu yake. Baadaye Japani na Umoja wa Ulaya wakakubaliana na Marekani, na kwa magari yao ikashushwa kuwa 15 kwa jumla. Ushuru uliopunguzwa kwa Japani ulianza kutumika Septemba ileile mjomba akiwa kwangu. Nilipomweleza, alisimama kando ya njia akacheka mpaka akashika ukuta. "Kumbe na nyinyi mmeanza kutuiga!"

Alikuwa na haki ya kucheka. Asilimia 15 iliyowafanya watangazaji wa televisheni huku wapandwe na jasho ni chini ya nusu ya ile anayoijua yeye.

Jioni ile tukakaa na kalamu. Tuliamua kuchukua Mustang GT, injini ya lita 5, na tukasema thamani yake ikifika Kilindini, yaani bei ya kununulia pamoja na bima na nauli, ni shilingi milioni 4, ili hesabu isitusumbue. Ushuru wa forodha Kenya ni asilimia 35: milioni 1.4. Sasa tuko milioni 5.4. Juu ya hiyo, si juu ya ile 4, inakuja kodi ya bidhaa, ambayo kwa injini ya petroli inayozidi sisi 3,000 ni asilimia 35: shilingi 1,890,000. Tumefika 7,290,000. Juu ya hiyo tena, VAT ya asilimia 16: 1,166,400. Ongeza ada ya tamko la uagizaji asilimia 2.5 na tozo ya reli asilimia 2, zote kwa ile milioni 4 ya mwanzo: 180,000. Jumla 8,636,400. Kodi peke yake 4,636,400, kubwa kuliko gari lenyewe. Na bado hujalipa wakala, bandari, namba wala bima.

Angalieni jinsi kila kodi inavyopanda mgongoni mwa mwenzake. Ukizijumlisha 35, 35 na 16 unapata 86, na mtu anayefanya hesabu kwa kidole barabarani hujiambia gari litaongezeka kwa asilimia 86. Pamoja na zile ada mbili, linaongezeka kwa 116. Jambo jingine dogo lenye uzito: Marekani hutoza ushuru kwa bei ya gari bila nauli ya meli ya kimataifa. Sisi Afrika Mashariki tunatoza gari, bima na nauli pamoja. Kwa hiyo unalipia ushuru hata maji ya bahari uliyopita. Na msidhani risiti yako ya Maryland itawatosha KRA. Kwa mitumba wana orodha yao ya bei za magari mapya, wanapunguza kwa umri, na hiyo ndiyo thamani. Ukinunua kwa bahati kwa bei ya chini, bahati hiyo inaishia mlangoni.

Jirani yetu kutoka Tanga alikuwa amekuja kumsalimia mjomba, akachukua kalamu kufanya ya kwao. Tanzania haina mlango wa miaka 8. Gari kongwe linaingia, ila linalipishwa uzee wake. Ushuru 25, kodi ya bidhaa 10 kwa injini ya zaidi ya sisi 2,000, na likizidi miaka 10 linaongezwa 30 nyingine, kisha VAT 18. Gari la 100 likatoka 206 na nusu, kabla ya tozo ndogondogo. "Tofauti yetu," alisema, "nyinyi mnamkataa mzee, sisi tunamlipisha kiingilio."

Mume wangu aliona huu ni wizi mtupu. Mimi sikukubaliana naye kabisa. Hospitali nilikojifunzia kumshika mgonjwa wakati wa stashahada yangu iliendeshwa kwa kodi, na kama serikali lazima itoze kitu, afadhali V8 ya harusi kuliko unga. Ninacholalamikia ni jinsi inavyofichika. Kijana anauza kiwanja kwa sababu ameona namba moja kwenye simu, na namba nyingine tano hazionekani mpaka gari limefika.

Halafu kuna usukani, na hapo mpango wa Mustang ulikuwa umekufa tangu mwanzo. Mjomba alijua sheria: Kenya gari la kawaida lenye usukani wa kushoto halisajiliwi. Mwanawe alijua pia, lakini alikuwa na jibu: Mustang zenye usukani wa kulia zipo, ameziona Nairobi kwa macho yake, na kiwanda ni cha Marekani, basi si aagize tu kiwandani? Ni kweli zipo. Tangu Mustang ya 2015 Ford wanaziunda zote mbili palepale Flat Rock, Michigan. Lakini za usukani wa kulia haziuzwi Marekani. Zinapakiwa kwenda Uingereza, Australia, Afrika Kusini na kwingine wanakoendesha kama sisi. Tulipita duka la magari Rockville kuuliza, na muuzaji, kijana mwema, alidhani tunatania. Kwa hiyo ile ya Nairobi imetoka Michigan ikaenda kwanza Uingereza au kwingineko, ikatumika huko, ndipo ikashuka Mombasa. Bei ya Maryland ni ya gari jingine kabisa. Inafanana kwa sura tu.

Kabla hajaondoka alitaka kuona bandari. Mtu wa Kilindini hawezi kukaa wiki tatu bila kunusa meli. Tukaenda Baltimore, saa moja kwa gari kama foleni ina huruma, tukafuata Broening Highway kule Dundalk. Baltimore kwa miaka mingi iliongoza bandari zote za Marekani kwa magari. Mwaka 2023 yalipita zaidi ya 847,000. Kisha usiku wa tarehe 26 Machi 2024 meli Dali ikagonga daraja la Francis Scott Key, likaanguka, na wafanyakazi 6 waliokuwa wakikarabati barabara wakafa. Wote walikuwa wahamiaji kama sisi, watu wa Meksiko, Guatemala, Honduras na El Salvador, waliokuwa wakiziba mashimo usiku. Njia ya meli ilifunguliwa kikamilifu Juni. Tulipotazama kule lilikokuwa daraja, mjomba alivua kofia.

Nyuma ya uzio magari yalikuwa safu kwa safu. Yanayoingia yalikuwa yanang'aa na plastiki nyeupe juu ya boneti. Yanayotoka unayatambua mara moja: bampa limepinda, taa moja imepasuka, mengine yamejazwa magodoro na matairi. Magari ya namna hii kutoka Marekani huenda sana Nigeria, Ghana na Benin. Mjomba aliyaangalia kwa wivu wa mfanyabiashara. "Wenzetu wa Magharibi wanaendesha kulia, basi wananunua hapa. Sisi tulirithishwa njia ya Mwingereza, basi ndugu yetu ni Mjapani." Akahesabu Camry kumi na moja, akatikisa kichwa. "Yote haya, na hakuna hata moja langu."

Nilimpigia mama simu tukiwa njiani kurudi, mjomba akaongea naye kwa kipaza sauti. Akamweleza hesabu yote. Mama alisikiliza, kisha akauliza kwa utulivu: lakini si alisikia kwamba anayerudi nyumbani moja kwa moja husamehewa ushuru wa gari moja?

Ni kweli, na wengi wenu mtataka kujua. Mkenya aliyeishi nje si chini ya miaka 2, anayerudi kukaa, anaweza kusamehewa ushuru wa gari moja alilolimiliki na kulitumia huko angalau miezi 12. Kama lilikuwa la usukani wa kushoto, kuna utaratibu wa kuliuza na kuleta la kulia lisilozidi thamani yake. Someni masharti ya KRA kabla ya kuuza chochote, maana ni mengi. Lakini msamaha huo ni wa mtu anayerudi. Hauwezi kumpa ndugu, binamu wala mwenye biashara ya harusi.

"Basi rudi nalo wewe," mama alisema.

Hakuna aliyejibu kwa muda. Mjomba alijifanya anatazama nje, na mimi nikawasha indiketa ingawa sikuwa nabadilisha njia. Kisha mama mwenyewe akabadilisha mazungumzo, akauliza mtoto amekula nini.

Usiku ule mjomba alimwandikia mwanawe, ujumbe mrefu wa sauti wa dakika saba, akipitia ngazi moja moja kutoka milioni 4 mpaka 8.6. Alimwambia kiwanja kisiuzwe. Alimwambia pia kwamba kuna Subaru WRX ya 2018 kwenye mnada wa Japani, usukani upande wetu, injini ya lita 2 ambayo kodi yake ya bidhaa ni 25 badala ya 35, na kwamba kwa harusi za Kilifi maua yakikaa vizuri hakuna atakayeuliza imetoka wapi. Tulikaa sebuleni kusubiri. Alama mbili zikageuka bluu. Zikapita dakika kumi.

"Sawa, baba," jibu likaja. "Nyekundu ipo?"